Kimbrel alitimuliwa, Baltimore ikachapwa vivyo hivyo

Wacha nianze na matokeo, kwa sababu najua wewe ni mtu wa matokeo.

Jumanne ya Septemba 17, 2024, Baltimore Orioles walikuwa nyumbani Camden Yards wakicheza besiboli dhidi ya San Francisco Giants. Walilimwa 10-0. Pointi 6 kati ya hizo 10 zilipatikana kwa mrushaji mmoja, Craig Kimbrel, katika awamu ya mwisho ambayo hata hakuimaliza. Alizomewa akitembea kurudi benchi. Kesho yake klabu ikamwondoa kikosini.

Mitandaoni ilikuwa sherehe. Ungedhani timu imeshinda kombe. Meme juu ya meme, watu wakiandika "hatimaye", wengine wakimtakia safari njema kwa lugha ambayo mhariri wangu hawezi kuichapisha. Saratani imekatwa, walisema. Sasa twende tukachukue ubingwa.

Wiki 2 baadaye, Oktoba 1, mechi za mchujo zikaanza. Orioles walikuwa nyumbani tena, sasa dhidi ya Kansas City Royals. Mechi ya kwanza wakafungwa 1-0. Ya pili wakafungwa 2-1. Msimu ukaisha hapo.

Piga hesabu mwenyewe. Warushaji wa Baltimore waliruhusu pointi 3 pekee kwa mechi 2. Corbin Burnes katika mechi ya kwanza alirusha awamu 8 akaruhusu pointi moja, na bado akapoteza. Wapigaji, wale vijana wenye jezi zinazouzwa kama njugu, walipata pointi moja kwa mechi zote 2, na hiyo ilitoka kwa gongo la Cedric Mullins peke yake. Kimbrel alikuwa nyumbani kwake. Ilikuwa mara ya 10 mfululizo Orioles kupoteza mechi ya mchujo, mlolongo ulioanza mwaka wa 2014, miaka 9 kabla ya jamaa huyu kutia sahihi kuwachezea.

Sasa niambie, ile sherehe ilikuwa ya nini?

Kabla sijaendelea, wewe unayejiuliza besiboli inakuhusu nini na uko Umoja au Bamburi: fungua app yoyote ya kubeti saa nane za usiku, wakati mpira wa Ulaya umelala, uone ni mchezo gani umejaa hapo. Wapo vijana hapa mtaani wanaowajua warushaji wa Cincinnati kwa majina na hawajawahi kugusa gongo. Na majirani wetu Uganda mwaka wa 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, ile michuano ya watoto kule Pennsylvania. Kwa hivyo tulia, tuko pamoja.

Kwa kifupi basi. Mechi ya besiboli ina awamu 9. Kuna mrushaji anayeanza mechi, halafu akichoka wanaingia warushaji wa akiba. Wa mwisho kati yao, anayeingia awamu ya 9 timu ikiongoza kidogo, kazi yake ni moja: kufunga duka. Awatoe wapigaji 3, watu waende nyumbani. Akifaulu, inaandikwa kwamba ameokoa mechi. Akishindwa, amewanyang'anya wenzake kazi ya saa 3 kwa dakika 10.

Na hapo ndipo shida yote ilipo. Mfunga duka huonekana mwisho. Kama timu ilipoteza nafasi 5 za kufunga kuanzia awamu ya kwanza hadi ya 8, wewe umeshazisahau, ulikuwa unatafuta chaja. Unachokumbuka ni ule mpira wa mwisho ulioruka ukuta, na sura ya yule aliyeurusha. Picha inayosambaa asubuhi ni yake. Hakuna mtu anayesambaza picha ya mpigaji aliyetolewa awamu ya 3 wenzake wakimsubiri vituoni.

Kimbrel si mtu wa juzi. Mwaka wa 2011, akiwa Atlanta Braves, aliokoa mechi 46 na kutajwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Amechaguliwa All-Star mara 9. Mwaka wa 2018 alitwaa World Series na Boston Red Sox. Siku Baltimore inamtimua, alikuwa ameokoa mechi 440 katika maisha yake, idadi ambayo wachache mno katika historia ya mchezo huu wamefika. Hata msimu huohuo wa 2024 alianza vizuri, akaokoa mechi 23. Halafu katikati ya mwaka mkono ukakataa. Mipira ikaanza kwenda nje, wapigaji wakawa wanatembea bure hadi kituo cha kwanza, na aliporusha katikati wakaitwanga. Alimaliza na wastani wa 5.33, yaani kwa kila awamu 9 alikuwa anaruhusu pointi 5 na ushee. Kwa mfunga duka hiyo ni aibu, tusidanganyane.

Lakini angalia pia kiasi cha kazi chenyewe. Mechi 57, awamu 52 hivi, kwa msimu wa timu wa mechi 162. Mrushaji wa akiba anaweza kurusha vizuri wiki 3, kisha usiku mmoja aruhusu pointi 6, na wastani wake ukaharibika hadi mwisho wa msimu. Mpigaji anayefanya vibaya ana mechi 100 za kujirekebisha akiwa amejificha kati ya wenzake 8. Mfunga duka anasimama peke yake kwenye kichuguu katikati ya uwanja, watu 30,000 wakimwangalia.

Haya, rudi nyuma mwaka mmoja, kwa sababu hii sinema ilikuwa imeshachezwa. Oktoba 2023 Kimbrel alikuwa Philadelphia Phillies. Walikuwa nusu fainali ya mchujo dhidi ya Arizona Diamondbacks, wakiongoza kwa mechi 2 kwa nunge. Mechi ya 3, Kimbrel akaruhusu pigo la ushindi dakika ya mwisho. Usiku uliofuata akaingia timu ikiongoza 5-3, Alek Thomas akautuma mpira nje ya ukuta, ikawa 5-5, na Phillies wakapoteza 6-5. Mechi 2 kwa siku 2, zote zikiwa na jina lake. Philadelphia walimchukia kiasi cha kutosha kuwasha taa za mji.

Ila kuna kitu hawapendi kukumbuka. Phillies walishinda mechi ya 5, wakarudi nyumbani wakiongoza 3-2, wakihitaji ushindi mmoja tu mbele ya mashabiki wao. Walifungwa 5-1, kisha 4-2. Pointi 3 kwa mechi 2, na vikosi vyao vilijaa wapigaji wanaolipwa mamia ya mamilioni ya dola. Mkataba wa Kimbrel ukaisha, akaenda zake, na lawama ikaondoka naye kwenye begi.

Ukitaka ya zamani zaidi ninayo. Oktoba 12, 1986, California Angels walikuwa wamebakiza mpira mmoja mzuri kuingia World Series kwa mara ya kwanza. Donnie Moore, mrushaji wa akiba, akarusha, Dave Henderson wa Boston akaupiga nje. Hiyo ndiyo hadithi utakayosimuliwa. Usichosimuliwa ni kwamba Angels walisawazisha awamu hiyohiyo, wakajaza vituo vyote 3 mchezaji mmoja tu akiwa ametolewa, na wapigaji 2 waliofuata wakashindwa kuleta hata pointi moja. Walipoteza awamu ya 11. Bado walikuwa na mechi 2 za kuokoa msimu. Walifungwa 10-4 na 8-1. Moore ndiye aliyezomewa miaka iliyofuata mpaka klabu ikamwacha mwaka wa 1988. Julai 1989, wiki chache baada ya kuachwa tena na timu ya ligi ndogo, alimpiga mkewe risasi, mke akanusurika, kisha akajiua. Kuna watu hupenda kusema mashabiki ndio waliomuua. Mimi sisemi hivyo. Nyumba yake ilikuwa na matatizo yake, na mwanamke aliyepigwa risasi hastahili kufanywa pambo la hadithi ya michezo. Nasema tu kwamba zile 10-4 na 8-1 hazikuwa zake.

Mechi 3 tofauti, miji 3 tofauti. Kila mara mfunga duka anabeba mzigo, na kila mara duka lilikuwa halina bidhaa.

Sasa usinielewe vibaya. Sijasema Kimbrel aliachwa bila haki. Aliachwa kwa haki kabisa. Orioles walikuwa wanapigania nafasi, Septemba haina huruma, na mrushaji asiyeweza kupata shabaha ni hatari kwa timu. Hii ni kazi ya mkataba. Wamarekani wana utaratibu wao: jina linatolewa kwenye orodha ya wachezaji 40, klabu inapata siku 7 za kumuuza, kumpisha achukuliwe na timu nyingine, au kumwachilia. Pesa zake zinabaki zake. Baltimore walikuwa wamekubali kumlipa dola milioni 13, hiyo ni kama bilioni 1.7 za kwetu, kwa hivyo hakuna anayekuomba umchangie M-Pesa.

Na kuzomea pia sikukatazi. Umelipa tiketi, au umelala saa 9 usiku ukichoma bando, una haki ya kupiga kelele. Shabiki anayepiga makofi kwa kila kitu hata mchezaji mwenyewe hamwamini.

Ninachopinga ni vitu 2, na cha kwanza ni ile furaha. Ile imani kwamba mtu mmoja akitolewa, shida imetoka. Kwa sababu hiyo furaha ni zawadi kwa wakubwa. Jiulize: nani alimleta Kimbrel Baltimore? Félix Bautista, mfunga duka wao wa kweli, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Oktoba 2023, na ikajulikana atakosa msimu mzima wa 2024. Ofisi ikaamua kumnunua mtu wa miaka 35 ambaye dunia nzima ilikuwa imemwona akiyumba Arizona wiki chache tu zilizopita. Ni uamuzi unaoweza kutetewa, lakini ni wao walioufanya, yeye alitia sahihi tu. Na nani alipaswa kueleza kwa nini magongo yalikauka nusu ya pili ya msimu? Hayo maswali yalikuwa magumu. Kumtukana Kimbrel kulikuwa rahisi. Siku alipotoka, mashabiki walihisi wamesikizwa, ofisi ikapumua, na wapigaji wakaendelea kukosa mpira.

Wewe unaijua hii. Nauli ikipanda ghafla jioni mvua ikinyesha, nani anatukanwa? Makanga. Mwenye gari hata hayuko kwa stage. Unamtukana makanga, unalipa, unashuka, kesho nauli ni ileile. Na kwa sisi wa EPL, kumbuka jinsi Onana alivyofanywa sababu ya kila kitu Manchester United. Septemba 2025 akapelekwa Trabzonspor kwa mkopo. Sitasema zaidi, kuna watu wa United wanasoma hapa na wameumia vya kutosha.

Halafu tukumbuke kwamba warushaji wengi wa akiba si Kimbrel. Hawana milioni 13. Kima cha chini katika ligi kuu mwaka wa 2024 kilikuwa dola 740,000 kwa msimu, na unalipwa kwa siku ulizokaa kikosini. Kwa mkataba wa kawaida wa Triple-A, ngazi moja tu chini, kima cha chini kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Najua unabadilisha kwa shilingi sasa hivi, milioni 4.6, unasema niletee hiyo. Sawa bana, lakini lipa kodi ya nyumba Marekani kwanza, ukiwa na mke na mtoto na kazi inayokuhamisha mji bila notisi. Watu hawa hupandishwa Jumanne, hurusha vibaya Jumatano, na Alhamisi wako kwenye ndege kurudi. Ukiona jina usilolijua limeondolewa kikosini na watu wanacheka, hiyo ndiyo tofauti ya mshahara wanayoichekea.

Kitu cha pili kinatuhusu sisi moja kwa moja, na hapa sitaki utani. Ni vitisho.

Usidhani vimeletwa na simu. Mwaka wa 1993 Mitch Williams, mfunga duka wa Phillies, alitishiwa kuuawa baada ya kupoteza mechi moja ya World Series, na siku chache baadaye Joe Carter wa Toronto akampiga mpira uliomaliza fainali. Desemba hiyo akauzwa Houston. Lakini zamani mtu alilazimika kutafuta namba, kupiga simu, kuzungumza na mtu. Siku hizi inbox iko wazi, na wengi wanaoandika hawana hata timu. Wana beti.

Liam Hendriks ni mrushaji wa akiba aliyeugua saratani ya damu, akatangaza Januari 2023, na kufikia mwisho wa Mei mwaka huo alikuwa amerudi uwanjani. Watu walilia kwa furaha. Mei 2025, akiwa Boston, baada ya mechi mbaya, aliandika Instagram kwamba amechoka: watu walikuwa wakitishia maisha yake na ya mkewe, na wengine wakimwambia heri saratani ingemmaliza. Ni mtu yuleyule waliyemlilia. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna waliokuwa wameweka pesa.

Mwezi huohuo, Lance McCullers Jr. wa Houston Astros, ambaye yeye huanza mechi, alirusha vibaya dhidi ya Cincinnati. Alikuwa ametoka kwenye jeraha lililomweka nje zaidi ya miaka 2. Usiku huo akapokea ujumbe wa mtu akitishia kuwaua watoto wake. Polisi wa Houston walifuatilia wakampata mwandishi. Hakuwa Houston, wala Marekani. Alikuwa mtu wa ng'ambo aliyekuwa amekunywa na kupoteza beti. Aliomba msamaha.

Mtu wa ng'ambo. Polisi hawakutaja nchi, na mimi sibahatishi. Lakini wewe na mimi tuko ng'ambo, na tumeona yale yanayoandikwa chini ya picha za wachezaji kwa Kiswahili na Sheng safi pale timu moja inapokuchomea mkeka wa timu 12. "Umenichomea, utakufa maskini." Tunacheka, tunasema ni stori za jaba. McCullers alieleza baadaye kwamba binti yake mdogo alisikia mazungumzo ya simu nyumbani, kisha akamuuliza baba yake vitisho ni nini, na ni nani anayetaka kuwaumiza. Jaribu kumwelezea mtoto huyo stori za jaba.

Ukiniuliza shabiki afanye nini basi, nitakupeleka Philadelphia tena, mji uleule uliomchoma Kimbrel. Agosti 2023 Trea Turner, aliyesajiliwa kwa dola milioni 300 kwa miaka 11, alikuwa anacheza vibaya hadi inaumiza macho. Kila mtu alitarajia azomewe. Agosti 4 mashabiki wakapanga, wakasimama, wakampigia makofi alipokuja kupiga. Jamaa akawaka hadi mwisho wa msimu, na akaweka mabango mjini kuwashukuru. Je, ni makofi yaliyomponya? Sijui kama inapimika. Turner pia ni mchezaji mzuri ambaye angeamka siku moja, na ana mkataba mrefu, kwa hivyo mashabiki hawakuwa na la kufanya ila kuishi naye. Mfunga duka wa mwaka mmoja haandaliwi makofi ya kupangwa. Kimbrel alikuwa kwenye timu hiyohiyo, akiyasikia yakipigiwa mwingine.

Baada ya Baltimore hakustaafu. Machi 2025 alitia sahihi mkataba wa ligi ndogo na Atlanta, pale alipoanzia, akaenda kurusha na watoto wa miaka 22. Juni 6 wakampandisha. Timu ilikuwa San Francisco, dhidi ya Giants walewale. Aliingia akarusha awamu moja, hakuruhusu pointi. Braves walipoteza 5-4. Kesho yake, Juni 7, wakamwondoa kikosini tena.

Agosti alikuwa Houston, timu ya McCullers, akirusha.